Povu, Kobalti na Kimea: Jinsi Pombe ya Nyumbani Ilivyopata Tena Uzito Wake

Yeyote anayepika bia ya shayiri nyumbani hukutana mapema na kasoro mbili. Ya kwanza ni wepesi: bia yapita mdomoni kama maji, wala haiachi kitu juu ya ulimi. Ya pili ni povu lisilodumu: bilauri ikijazwa, weupe wapanda kwa haraka, na kabla mnywaji hajaketi umekwisha kutoweka. Kasoro hizi ni ndugu, lakini si pacha. Bia yaweza kuwa nzito na kukosa povu. Yaweza pia kuvikwa povu zuri ilhali chini yake mna kinywaji kikavu, hafifu.

Katika karne ya ishirini kasoro hizo zilitafutiwa dawa kwa njia mbili tofauti. Baadhi ya viwanda vililitenga povu na kulitibu peke yake, kama mtu apakaye nyumba chokaa bila kuutazama ukuta. Wapikaji wa nyumbani, nchini Uingereza na baadaye Marekani, walilazimika kurudi kwenye nafaka. Njia ya kwanza ilifikia vifo vya watu, na chumvi iliyotumika ilikuwa ya kobalti, madini ambayo wakati huo Katanga iliyatoa kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani. Kwa sababu hiyo historia hii, ingawa sehemu yake kubwa ilitendeka mbali, haipaswi kuonekana ngeni kwa msomaji wa Lubumbashi au Likasi.

Uzito na povu hutoka wapi

Kwanza yafaa kueleza mambo yenyewe. Punje ya shayiri huloweshwa, huachwa iote, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea kikisagwa na kutiwa katika maji moto, vimeng'enya vilivyomo hukata wanga na kuugeuza sukari. Maji matamu yanayopatikana, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa togwa bila kukosea sana, huchemshwa pamoja na maua machungu ya hopsi, hupozwa, kisha hutiwa chachu. Chachu hula sukari fupi na kutoa kileo na hewa. Ile minyororo mirefu ya wanga uliokatwa nusu, iitwayo deksitrini, chachu ya kawaida haiiwezi. Hubaki ndani ya bia. Mabaki hayo, pamoja na protini na utepetepe wa kuta za punje, ndiyo yanayoipa bia uzito.

Anayejua munkoyo wa Katanga hahitaji maelezo marefu hapa. Uji wa mahindi uliopoa kiasi hutiwa mizizi iliyopondwa, na baada ya saa kadhaa uji ule mzito umekuwa kinywaji chepesi chenye utamu, kwa kuwa mizizi hiyo ina vimeng'enya vya kukata wanga. Ikikaa muda mrefu zaidi, wepesi huzidi. Mama anayejua saa ya kuitoa mizizi anaamua jambo lile lile ambalo mpikaji wa bia huliamua kwa kipimajoto: wanga ukatwe kiasi gani, na kiasi gani kiachwe. Tofauti ni kwamba munkoyo, na vivyo hivyo pombe ya mtama au ya ulezi, hunywewa pamoja na unga wake. Unga huo unaoelea ndio mwili wa kinywaji, na hakuna anayedai povu juu yake. Bia ya shayiri iliyochujwa haina unga wa kuitegemeza. Uzito wake wote lazima uyeyukie ndani ya maji.

Povu nalo ni mapovu ya hewa yaliyovikwa ngozi nyembamba. Ngozi hiyo hufumwa na protini za shayiri, ambazo hushikamana na uchungu wa hopsi; ndiyo maana bia yenye hopsi haba kwa kawaida huwa na povu hafifu. Adui zake wakubwa ni mafuta na sabuni. Tena, povu halikuwa hakimu wa bia tangu zamani. Ulaya ilipokuwa ikinywea vikombe vya udongo na vya madini, rangi na povu havikuonekana sana. Katika karne ya kumi na tisa bilauri za kioo zilipungua bei, na bia angavu ya mtindo wa Plzeň, iliyoanza mwaka 1842, ilienea. Hapo ndipo jicho lilipopata sauti, na tangu hapo mpikaji ahukumiwa kabla kinywaji hakijagusa mdomo.

Sheria na sukari

Wepesi wa pombe ya nyumbani ya Kiingereza haukutokana na ujinga wa wapikaji. Ulitengenezwa na sheria pamoja na bei za sokoni. Katika Enzi za Kati sehemu kubwa ya pombe ya Uingereza ilipikwa na wanawake, kama alivyoonyesha Judith Bennett katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya wanawake hao. Hawakuwa na kipimajoto. Mapokeo yasema kwamba maji yaliyochemka yaliachwa mpaka mvuke upungue na mpikaji aweze kuona uso wake juu ya maji. Hapo kimea kilimiminwa. Njia hiyo, ambayo huenda ikaonekana ya kubahatisha, huleta joto ambalo vimeng'enya hulipenda. Maarifa ya namna hiyo hayakuhitaji kuandikwa, maadamu binti alisimama karibu na mama yake kando ya chungu.

Kisha serikali iliingia jikoni. Kimea kilitozwa kodi tangu mwaka 1697. Mwaka 1847 viwanda viliruhusiwa kutumia sukari. Mwaka 1880 William Gladstone aliifuta kodi ya kimea na kuihamishia kwenye bia yenyewe, kwa kipimo cha uzito wa togwa kabla ya kuchachuka. Tangu hapo kiwanda kiliweza kuchagua nafaka au sukari kadiri kilivyoona faida. Lakini aliyepika nyumbani alitakiwa kuwa na leseni. Matokeo yake yalionekana polepole. Kizazi kimoja kiliacha kupika, cha pili hakikuona mtu akipika, cha tatu hakikujua kwamba jambo hilo lilikuwa likifanyika jikoni.

Vita vya kwanza vya dunia viliipunguza bia ya viwandani pia. Kabla ya vita uzito wa wastani wa togwa ya Kiingereza ulikuwa karibu 1052, maji matupu yakihesabiwa 1000. Vita vilipokwisha ulikuwa umeshuka hadi karibu 1030. Baadaye ulipanda tena, lakini haukurudi ulikokuwa. Hivyo hata mnywaji aliyedai bia ya zamani alidai kitu ambacho ulimi wake haukupata kukijua.

Mwezi wa Aprili 1963 waziri wa fedha Reginald Maudling aliifuta leseni ya nyumbani. Mwaka huo huo C. J. J. Berry alichapisha kitabu chake juu ya bia na stauti za nyumbani, na maduka yakaanza kujaa makopo ya shira ya kimea. Mgawo wa sukari uliowekwa wakati wa vita ulikuwa umekwisha tangu 1953. Sukari ilikuwa rahisi, shira ghali. Ikazaliwa ile desturi ya kopo moja la kilo 1.8, sukari nyeupe kilo moja, na maji mpaka lita 23. Katika mchanganyiko huo karibu sehemu mbili kwa tano za utamu wote ni sukari tupu. Chachu huila yote, haibakizi deksitrini, wala sukari hiyo haileti protini hata chembe. Kileo kilikuwapo, povu na uzito havikuwapo. Wapikaji wengi waliilaumu chachu, au maji ya mji wao.

Marekani ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Kati ya 1920 na 1933 pombe ilipigwa marufuku, na viwanda vya bia vikaokoa maisha yao kwa kuuza shira ya kimea, kwa jina la kuokea mikate. Kila mtu alijua kwamba mikate hiyo ilikuwa inachachuka kwenye chupa. Marufuku yalipoondolewa, divai ya nyumbani ilipata ruhusa, bia haikupata; ililazimika kungoja mpaka tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyoruhusu galoni 200 kwa mwaka, yaani lita 757 hivi, kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Kwa muda wa miaka 45 mapishi ya siku za marufuku, yaani shira kidogo na sukari nyingi, yalirithiwa kama mapishi ya mababu.

Quebec, mwaka 1965

Wakati wapikaji wa nyumbani wakihangaika na makopo yao, viwanda vilikuwa na taabu yao wenyewe. Katika miaka ya 1950 baa zilianza kuosha bilauri kwa sabuni mpya za kikemia. Mabaki ya sabuni hizo yaliua povu, hata juu ya bia iliyopikwa vizuri. Njia ya wazi ilikuwa kusuuza bilauri. Lakini kiwanda hakimtawali mwosha bilauri. Chatawala pipa lake tu. Ilikuwa imegunduliwa kwamba chembe za metali fulani huikaza ngozi ya povu, na kobalti ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko nyingi. Miligramu moja hivi kwa lita ilitosha. Kwa dawa ndogo namna hiyo povu lilisimama hata juu ya bilauri chafu, na hata juu ya bia iliyopunguziwa kimea.

Kati ya Agosti 1965 na Aprili 1966, mjini Quebec nchini Kanada, wagonjwa 48 walifika hospitalini wakiwa na moyo uliovimba na kushindwa kazi. Karibu wote walikuwa wanaume waliokunywa bia nyingi kila siku. Ishirini kati yao walikufa. Madaktari walipoichunguza miili waliona tezi za shingo zimebadilika kwa namna iliyowakumbusha sumu ya kobalti, na hapo swali likaelekezwa kwenye bia. Tarehe zilieleza yaliyobaki: wagonjwa wa kwanza walionekana takribani mwezi mmoja baada ya kobalti kuanza kutiwa katika bia ya mji huo, na ilipoacha kutiwa, ugonjwa ulikoma. Visa vya namna hiyo vilionekana pia Omaha na Minneapolis nchini Marekani, na Leuven nchini Ubelgiji, mji wa chuo kikuu kilichokizaa Lovanium. Mwaka 1966 Marekani iliiondoa kobalti katika orodha ya vitu vilivyoruhusiwa katika bia.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba kobalti ilikuwa imetumika kama dawa ya upungufu wa damu, kwa vipimo vikubwa mara nyingi kuliko vile vya bia, bila kuangusha moyo. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba chumvi hiyo ilikuta miili iliyokwisha kudhoofishwa na kileo na kwa chakula haba, chenye protini na vitamini chache. Walioumia zaidi ndio waliokuwa na kinga ndogo zaidi. Nao hawakuwa wameomba povu lile. Liliwekwa ili jicho lao lisilalamike.

Kwa upande wa Kongo, miaka hiyo hiyo Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa ikitoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, na mwaka ulipokwisha mali za kampuni hiyo nchini zikachukuliwa na serikali na kukabidhiwa Gécomin. Mchimbaji wa Katanga aliijua kobalti kama mawe, vumbi na mshahara. Kwamba watu wa ng'ambo walikuwa wakiinywa ili bia ionekane nzuri, hilo halikuwa miongoni mwa mambo aliyoambiwa.

Marekebisho ya jikoni

Mpikaji wa nyumbani hakuwa mtakatifu kuliko kiwanda. Maduka ya Uingereza yalimwuzia unga na matone ya kuongeza povu, yaliyotokana na mimea yenye ulaini wa sabuni au na mwani wa bahari, na wengi waliyanunua. Vitu hivyo havikuwa sumu kama kobalti. Kosa lake lilikuwa jingine: povu lilidumu, lakini bia chini yake ilibaki ile ile nyepesi, na mnywaji alihisi kama amedanganywa. Kwa kiwanda udanganyifu huo waweza kuwa faida. Kwa mtu anayekunywa alichokipika mwenyewe hauna maana.

Basi marekebisho ya kweli yalianza na kuiondoa sukari. Ile kilo moja ya sukari ikibadilishwa kwa kilo moja na kidogo ya kimea kilichokaushwa kuwa unga, mabadiliko yaonekana kwenye kipimo chenyewe. Togwa ya kimea kitupu iliyoanza 1040 kwa kawaida hukoma karibu 1010. Ile yenye sukari nyingi hushuka hadi 1005 au chini zaidi. Nukta hizo tano ndizo ulimi unazozitafuta. Waandishi kama Dave Line, ambaye kitabu chake kikubwa cha upikaji kilitoka mwaka 1974, waliwapeleka wasomaji mbele zaidi, kwenye nafaka yenyewe iloweshwe jikoni, na Wamarekani wakapata mwongozo wa namna hiyo kwa Charlie Papazian mwaka 1984. Mambo ambayo mama wa Enzi za Kati aliyajua kwa uso wake juu ya maji yalirudi sasa kwa nambari.

Nambari muhimu kuliko zote ni ya joto. Kimea kikiloweshwa kwenye nyuzi 63 au 64 za Selsiasi, vimeng'enya vinavyotengeneza sukari fupi hutawala, na bia hutoka kavu. Kwenye nyuzi 68 vimeng'enya hivyo hufa mapema, na vingine vinavyokata wanga ovyo huendelea, vikiacha deksitrini nyingi. Nyuzi nne tu zatenganisha vinywaji viwili kutoka gunia moja. Mwenye kutumia shira, ambayo joto lake liliamuliwa kiwandani, aliweza kuongeza kimea cha kristali, yaani kile kinachookwa kingali kibichi hata sukari yake ikaganda ndani ya punje. Gramu 250 hadi 500, zikiloweshwa nusu saa katika maji ya nyuzi 65 hadi 70 na kuchujwa, hutosha kwa lita 20 na kuleta pia rangi na utamu. Wala deksitrini si kila kitu. Tafiti za baadaye zimepunguza sifa zake. Bia huhisiwa nzito pia kwa protini, kwa utepetepe wa nafaka, na kwa hewa iliyomo.

Kwa povu, ngano ilionekana kuwa rafiki mwaminifu. Kimea cha ngano kikiwa sehemu tano hadi kumi kwa mia ya nafaka yote huleta protini za kutosha bila kubadilisha ladha sana. Shayiri mbichi iliyobonyezwa kuwa bapa hufanya kazi zote mbili, uzito na povu, lakini huitia bia ukungu. Kwa hiyo huhifadhiwa kwa stauti, ambamo ukungu hauonekani. Lazima iloweshwe pamoja na kimea, kwa kuwa yenyewe haina vimeng'enya vya kuutosha wanga wake. Mahindi na mchele huenda upande wa pili: hutoa kileo, hupunguza uzito. Viwanda vingi vya Afrika na Marekani huvitumia, na Primus, inayopikwa Kinshasa tangu 1926 mji huo ulipoitwa Léopoldville, ni ya jamii hiyo ya bia nyepesi zilizokusudiwa kukata kiu ya jua. Kuiita kasoro si haki. Ni lengo jingine.

Palikuwa na mtego mmoja uliowanasa hata wenye bidii. Vitabu vya zamani vya Kijerumani viliagiza kimea kipumzishwe kwanza kwenye nyuzi 50, ili protini zivunjwe. Agizo hilo lilifaa kimea cha wakati wake, kilichooteshwa kwa upungufu. Kimea cha siku hizi kimekwisha kuvunjwa kiasi cha kutosha wakati wa kuoteshwa. Kukipumzisha tena ni kuzikatakata zile protini ambazo zingefuma povu. Wengi walifuata agizo kwa uaminifu, wakapata bia angavu isiyo na povu, wakaongeza muda wa kupumzisha. Walioliacha walilipata povu bila kuongeza kitu chochote.

Mwaka 2002 mwanafizikia Arnd Leike wa Chuo Kikuu cha Munich alipima jinsi povu la bia tatu linavyoshuka na kuonyesha kwamba lafuata kanuni ile ile ya hesabu inayoeleza kupungua kwa madini yenye mnururisho. Alipewa kwa hilo tuzo ya mzaha inayotolewa Marekani. Viwanda havikucheka sana, kwa kuwa vilikuwa na mbinu zao za kupima jambo hilo hilo tangu miaka ya 1950.

Kuhusu bilauri, ambazo ndizo zilizoileta kobalti, wapikaji wa nyumbani walilimaliza jambo hilo bila maabara. Bilauri ya bia haioshwi pamoja na sahani zenye mafuta. Husuuzwa kwa maji moto mengi mpaka sabuni iishe, hupinduliwa, na huachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa.